Je, Wajua? Kijana, Usukani na Barabara za Mji wa Miamba

Asubuhi yoyote jijini Mwanza utaliona: gari dogo lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, linapanda kilima cha Isamilo kwa kusitasita, linazimika katikati ya kona, kisha linaruka mbele kama chura. Ndani yake kuna kijana wa miaka 18 anayetokwa jasho, na pembeni mwalimu anayemwambia kwa utulivu, “Achia klachi taratibu, mwanangu.” Nyuma yao daladala zinapiga honi. Kijana yule hana habari kwamba ameingia kwenye elimu iliyojaa maajabu: miamba na ng’ombe vimo, rubani wa ndege yumo, na hata mshindi wa Nobel yumo. Nimeyakusanya haya kwa muda mrefu, na leo nimeona niwamegee.

Gari zima hushikilia barabara kwa karatasi moja tu

Chukua karatasi moja ya kuchapia, ile ya A4. Gari dogo la kilo 1,300 likiwa na upepo wa kutosha linagusa lami kwa eneo linalokaribiana na karatasi hiyo moja, na hapo nimehesabu matairi yote manne! Kila tairi linakanyaga mahali panapolingana na kiganja cha mtu mzima. Kila kona unayokata na kila breki unayokanyaga inategemea viganja hivyo vinne vya mpira. Ndiyo maana mwalimu makini humzungusha mwanafunzi gari zima akague matairi kwanza, kabla hajampa ufunguo.

Kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kwenye jiwe la mita 10

Mtoto wa Mwanza hahitaji kuelezwa jiwe refu ni nini. Nyumba zimejengwa juu ya mawe, katikati ya mawe na chini ya mawe, na ziwani Jiwe la Bismarck limesimama kama limepangwa kwa mkono. Sasa jiulize: ukidondoka kutoka juu ya mwamba wa mita 10, unafika chini kwa kasi gani? Takriban kilomita 50 kwa saa. Kwa maneno mengine, gari linalogonga ukuta kwa mwendo huo, ambao wengi tunauona wa kawaida kabisa, linawapa waliomo ndani kishindo cha kudondoka kutoka kwenye jiwe hilo.

Panda zaidi. Kilomita 80 kwa saa ni jiwe la mita 25. Kilomita 100 ni karibu mita 40. Umeona kinachotokea? Mwendo umeongezeka mara mbili tu, kutoka 50 hadi 100, lakini jiwe limerefuka mara nne. Hiyo ndiyo tabia ya mwendo, na haijali dereva ni hodari au ni mwanafunzi. Sheria ya Tanzania inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa mjini na vijijini penye makazi. Hata Usain Bolt, binadamu mwenye mbio kuliko wote tuliowahi kuwapima, alifikia kilomita 44 hivi kwa saa, tena kwa muda mfupi sana. Miili yetu haijawahi kujikimbiza yenyewe kwa kasi ya daladala.

Vijana wawili walikuwemo kwenye safari ndefu ya kwanza ya gari duniani

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Agosti 1888, huko Ujerumani, mama mmoja aitwaye Bertha Benz aliondoka nyumbani Mannheim alfajiri bila kumuaga mumewe, Karl, aliyelibuni gari lile. Alichukua wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, akafunga safari ya kwenda kumwona mama yake mjini Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Ni mwendo unaokaribia ule wa kutoka Mwanza hadi Geita. Hapakuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch.

Na gari lenyewe lilikuwa na magurudumu matatu, kama bajaji! Bomba la mafuta lilipoziba, mama alilizibua kwa pini ya kofia yake. Kwenye vilima gari lilikataa kupanda, wale vijana wakashuka kulisukuma. Na kwenye miteremko mbao za breki zilianza kulika, basi Bertha akasimama kwa fundi viatu, akamwomba azivishe ngozi. Kitambaa cha breki kilizaliwa hivyo, mikononi mwa fundi viatu, kwa sababu mama aliyebeba watoto wake alitaka gari lisimame linapotakiwa kusimama. Aliporudi, Karl aliongeza gia nyingine ya kupandia milima. Kijana anayehangaika kubalansi klachi kilimani Bugando leo anaitumia gia iliyoombwa na vijana waliochoka kusukuma.

“Kipilefti” ni neno lililozaliwa kutokana na kibao cha barabarani

Waingereza waliweka vibao vyenye maneno mawili, “keep left”, ya kuwaambia madereva washike kushoto. Mswahili akasikia, akaona mwanzo wa neno una “ki”, akaamua: hiki ni kipilefti, vile ni vipilefti. Ni ujanja uleule uliolichukua neno la Kiarabu “kitab” likawa kitabu na vitabu. Na kwenye gari lenyewe kuna ndugu yake: kikinga tope cha Waingereza, “mudguard”, kilipoingia kwetu kikiwa “madigadi”, tuliona “ma” tukadhani ni wingi, basi kimoja kikawa digadi. Sarufi yetu haina mchezo, hata gereji inatawala.

Kipilefti si pambo la kuwekea sanamu tu, ingawa Mwanza tuna kile chenye sanamu ya samaki ambacho kila mgeni hukipiga picha. Wahandisi wamehesabu kwamba kwenye njia panda ya kawaida ya barabara nne kuna sehemu 32 ambapo magari mawili yanaweza kukutana vibaya. Weka kipilefti cha njia moja, zinabaki 8. Tena anayeingia hulazimika kupunguza mwendo, na magari hayakutani uso kwa uso. Kanuni ya kumpisha aliye tayari ndani ya mzunguko, anayetokea kulia kwako, Uingereza iliifanya sheria mwaka 1966 tu. Kabla ya hapo vipilefti vyao vilikuwa vikijifunga vyenyewe, kila mtu anaingia na hakuna anayetoka!

Dereva mpya huangalia boneti, mzoefu huangalia mbali

Mwaka 1972 watafiti wa Marekani, Mourant na Rockwell, walipima macho ya madereva wakiwa barabarani. Waligundua kwamba wanaojifunza hukaza macho karibu sana na pua ya gari, na vioo hawavitazami mara nyingi, wakati wazoefu hutupa macho mbali na kuyazungusha. Mikono na miguu ya kijana inaweza kujua gia kwa wiki chache, lakini macho huchelewa. Ukitaka kuamini, kaa kiti cha pembeni umtazame dereva wa basi aliyekomaa akiingia Buhongwa siku ya soko: bado hajafika kwenye mkokoteni, lakini macho yake yalishauvuka zamani.

Sekunde mbili za simu ni mita 28 za upofu

Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kutupia jicho ujumbe kwa sekunde mbili tu ni sawa na kuvuka boksi lote la penalti pale CCM Kirumba, kisha kuongeza mita 11 nyingine, macho yamefumbwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema anayetumia simu akiendesha ana hatari ya kupata ajali takriban mara nne ya asiyetumia. Na kuweka spika hakuondoi hatari yote, kwa maana mazungumzo yenyewe huiba akili.

Rafiki kwenye kiti cha nyuma hubadilisha mguu wa dereva

Mwaka 2005 wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani waliwakalisha watu wa rika tatu mbele ya mchezo wa gari wa kompyuta. Taa inageuka njano: usimame au upitilize? Wakicheza peke yao, vijana na watu wazima hawakuachana sana. Lakini marafiki walipoketi pembeni wakitazama, vijana walijitosa kwenye hatari zaidi, ilhali watu wazima walibaki vilevile. Kule kuwa na marafiki pembeni kulibadilisha maamuzi! Mimi huiwaza sana habari hii ninapoliona gari la familia limejaa vijana sita wakitoka harusini, muziki juu, na aliyeshika usukani ndiye mwenye leseni ya mwezi mmoja.

Sehemu ya ubongo inayosema “ngoja kwanza” hukomaa mwisho kabisa

Iko nyuma ya paji la uso. Kazi yake ni kupima matokeo kabla ya tendo, na wataalamu wanasema huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Tanzania inaruhusu leseni ya gari kuanzia miaka 18, na Kenya na Uganda vivyo hivyo. Uingereza ni 17. Katika jimbo la South Dakota, Marekani, mtoto wa miaka 14 anaweza kupata kibali cha kujifunzia. Miaka 14! Kwetu huyo yuko kidato cha kwanza au cha pili, bado anatumwa dukani.

New Zealand ilikuja na jibu zuri mwaka 1987, ikawa nchi ya kwanza kutoa leseni kwa hatua tatu. Kwanza unajifunza ukiwa na msimamizi. Kisha unaendesha peke yako lakini usiku hapana, na abiria hapana. Mwishoni ndipo unapata leseni kamili. Nchi nyingi zimeiga, kwa sababu miezi ya kwanza baada ya kupata leseni ndiyo yenye ajali nyingi kuliko kipindi kingine chochote cha dereva. Uzito wake unaonekana zaidi ukijua kwamba duniani kote ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa kuanzia miaka 5 hadi 29. Kwa rika hilo zinazidi malaria na ugonjwa mwingine wowote.

Mkanda wa gari ulibuniwa na mtu wa viti vya ndege za kivita

Nils Bohlin wa Sweden alikuwa mhandisi wa viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege inapoharibika. Kampuni ya Volvo ilimchukua, na mwaka 1959 akatoa mkanda tunaoufahamu, unaopita begani na kiunoni na kufungwa kwa mkono mmoja. Alijua rubani huvumilia kufungwa kamba za kila aina, lakini dereva wa kawaida atakataa chochote kinachomchukua zaidi ya sekunde chache. Kisha Volvo ikafanya jambo ambalo kampuni hazilifanyi kila siku: ikauacha ubunifu ule wazi, kampuni nyingine ziutumie. WHO inakadiria kwamba mkanda unampunguzia dereva na abiria wa mbele hatari ya kufa kwa karibu nusu.

Je, mikono ya mama haitoshi kumzuia mtoto? Tupige hesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilicho ndani kinakuwa kama kimeongezeka uzito mara 20. Mtoto wa kilo 10 uliyempakata anageuka kilo 200. Huo ni uzito wa sangara mkubwa kabisa wa Ziwa Victoria, wale wa kuhadithiwa mwaloni Kirumba, ambao hubebwa na wanaume kadhaa. Hakuna mikono ya kumshika.

Tuta la barabarani lilimshughulisha mshindi wa Nobel

Arthur Compton alipata Nobel ya fizikia mwaka 1927 kwa kazi yake kuhusu miale ya eksirei. Mwaka 1953, akiwa mkuu wa chuo kikuu mjini St. Louis, Marekani, alikerwa na magari yanayopita mbio chuoni, akakaa chini kupiga hesabu za matuta ya kuyapunguza kasi. Akili iliyochungulia ndani ya atomu ikahamia kwenye lami!

Neno letu lenyewe linanifurahisha zaidi. Msukuma anajua tuta tangu utotoni: ni lile la kupandia viazi vitamu, vinavyokatwa na kukaushwa vikawa michembe. Tuta la shambani huyatuliza maji ya mvua yasikimbie na udongo, na la barabarani linafanya vilevile kwa magari. Nchini Ghana, matuta madogomadogo ya kutikisa gari yalipowekwa kwenye njia panda ya Suhum, barabara ya Accra–Kumasi, ajali zilipungua kwa karibu theluthi moja. Na hapahapa Tanzania, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliowawekea wanafunzi wa Dar es Salaam matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule zao, ulitwaa tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019, zawadi yake dola 250,000. Miji mikubwa ya dunia ilishindana, na iliyoshinda ni miguu ya watoto wa shule ya msingi.

Usiku ng’ombe anawaka, binadamu hawaki

Macho ya ng’ombe, mbuzi, paka na fisi yana utando nyuma unaorudisha mwanga kama kioo. Taa za gari zikimpata ng’ombe kwenye barabara ya Magu usiku, unaona nukta mbili za kijani zinakutazama. Binadamu hana utando huo. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, anayetembea kando ya barabara hiyohiyo, haonekani hadi mwanga umguse mwili, na hapo gari mara nyingi limeshamkaribia mno. Ajabu ilioje, kwamba dereva anamwona fisi kabla ya jirani yake! Mwingereza Percy Shaw aliiga macho ya paka mwaka 1934, akatengeneza vile vijicho vinavyong’aa katikati ya lami. Kitambaa cheupe begani au tochi ndogo humfanyia mwenda kwa miguu kazi ileile.

Bodaboda ilizaliwa mpakani, si mbali na ziwa

Busia imekatwa na mpaka wa Kenya na Uganda, na hapo katikati palikuwa na kipande cha ardhi cha kutembea na mizigo. Vijana wa baiskeli wakawa wanaita abiria kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza, huku na huku, “boda, boda!” Baiskeli zikageuka pikipiki, na jina likavuka ziwa likatufikia.

Pikipiki ndicho chombo cha kwanza kwa vijana wetu wengi, muda mrefu kabla ya gari. Madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha mwaka 2012 utafiti wa majeruhi zaidi ya 1,600 wa ajali za barabarani waliofikishwa kwao. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la miaka 21 hadi 30, na chombo kilichoongoza kilikuwa pikipiki. Kofia ngumu, iliyofungwa kidevuni, hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, kwa mujibu wa tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja. Angalia neno “iliyofungwa”. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini, na ile inayoning’inizwa kwenye mkono wa pikipiki inalinda mkono wa pikipiki.

Mvua ya dakika kumi za mwanzo inateleza kuliko ya saa nzima

Wakati wa kiangazi lami hukusanya vumbi, mafuta yanayovuja na ungaunga wa matairi. Mvua ya kwanza huvikoroga vikawa utelezi, na inayoendelea kunyesha ndiyo inayouosha. Mwanza inaijua sana mvua ya ghafla, maana Ziwa Victoria hujitengenezea mawingu lenyewe: usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji ya uvuguvugu na kuinua dhoruba kubwa. Dereva anayelala anga likiwa safi anaweza kuamka na barabara nyingine kabisa mbele yake.

Unaweza kulizunguka Ziwa Victoria lote bila kubadili upande

Tanzania, Kenya na Uganda zote hushika kushoto. Lakini ufuate mto Kagera, unaomwaga maji yake ziwani, hadi Rusumo: ukivuka daraja tu, uko Rwanda, na huko hushika kulia. Burundi na Kongo pia. Dereva wa lori la Mwanza anahama upande ndani ya mita chache, na usukani wake, uliokaa kulia, sasa uko ukingoni mwa barabara. Akitaka kumpita mwenzake, utingo ndiye mwenye kuona mbele. Sweden ilihama nchi nzima kwa siku moja, tarehe 3 Septemba 1967, saa kumi na moja alfajiri. Madereva wetu wa Rusumo hufanya hivyo kila wiki, na hawajaandikiwa hata makala.

Kukesha ni aina ya ulevi

Watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kijana aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anazifikisha saa hizo saa nne usiku. Hajaonja tone.

Gari la kwanza kumuua mtembea kwa miguu Uingereza lilikwenda mwendo wa mtu aliyechelewa

Tarehe 17 Agosti 1896, jijini London, mama wa miaka 44 aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari la maonyesho. Mwendo wake, kwa maelezo ya dereva, ulikuwa kama kilomita 6.4 kwa saa: ule wa mtu anayewahi kivuko. Wengi waliokuwepo walikuwa hawajawahi kuona gari. Leo duniani hufa watu milioni 1.19 kila mwaka barabarani, na Afrika, yenye asilimia 3 tu ya magari ya dunia, inabeba karibu moja ya tano ya vifo hivyo. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari. Baadhi yao walikuwa wakitembea, kama Bridget.

Gari la kwanza kuvuka Afrika lilianzia Dar es Salaam, likatumia siku 630

Luteni Paul Graetz wa Ujerumani aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 akielekea Swakopmund, kwenye pwani ya Namibia ya leo. Alifika tarehe 1 Mei 1909. Mafuta yalitangulizwa na kuwekwa njiani kabla yake. Barabara hazikuwepo, hivyo gari lilivutwa na kusukumwa na mamia ya mikono ya Waafrika ambao majina yao vitabu havikuyaweka. Leo basi linatoka Dar es Salaam na kufika Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100, ndani ya siku moja.

Daraja la Kigongo–Busisi: sekunde 81

Kwa miaka mingi, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alifika Kigongo, akasimama kwenye foleni ya kivuko. Kusubiri na kuvuka kuliweza kumaliza saa mbili, na watu walizipitisha kwa kununua sato wa kukaanga, kunywa soda na kusalimiana na wasiowajua. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, upana mita 28.45, refu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati.

Nimepiga hesabu yake kwenye kona ya daftari. Kwa kilomita 50 kwa saa, daraja lote linavukwa kwa dakika 3 na sekunde 36. Kwa kilomita 80, dakika 2 na sekunde 15. Tofauti ni sekunde 81. Na katika hizo dakika tatu na ushei unaona maji pande zote mbili, mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ikirudi, na kule ng’ambo gati la zamani walipokuwa wakisubiri mama zetu na vikapu vyao.